Mguu wa Kushoto wa Cheche

Dada yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima zote. Natumaini barua hii inakukuta mzima, macho yanaona na kiuno kimetulia. Mimi mdogo wako ni mzima, ila nachechemea, na sababu yake utaikuta huko mbele, usiruke mistari. Usishtuke pia kuona mwandiko umelala kama nyasi zilizokanyagwa. Barua zangu zote za miaka hii miwili aliniandikia Cheche, mjukuu wetu, mimi nasema yeye anaandika na kunirembea. Hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, leo siku ya tatu, kwa sababu mwandishi wangu ndiye habari yenyewe.

Nilikueleza kwamba goti lake la kushoto linamsumbua. Basi halijapona, na mashindano ya kuchagua timu ni Jumamosi ijayo. Asipokimbia siku hiyo, mita mia nane zake mwaka huu zimekwisha. Na hao waliojitwika kazi ya kumponya wamenichosha mpaka basi.

Kocha wake alianza kwa kusema tatizo ni uwanja. Kila siku wanazunguka kwa kushoto, kwa hiyo upande mmoja unachoka kuliko mwingine. Nikamuuliza, sasa kinachowazuia kuzunguka kwa kulia ni nini, jua litazama? Akaniambia mzee, rudi kwenye viatu vyako. Mimi! Niliyewashonea wakimbiaji viatu yeye hajaota hata jino!

Akampeleka kwa mtaalamu wa viungo, binti mmoja mwenye sauti ya upole na daftari kubwa. Wiki nne nimekaa kwenye chumba chake, juu ya kiti cha plastiki kinachonibana makalio, nikitazama maajabu. Kuna kioo ukuta mzima, mikanda ya mpira imening'inia kama matumbo, na mizani miwili sakafuni. Cheche anasimama mguu mmoja huku, mwingine kule, binti anasoma mizani na kuandika. Kisha anamrukisha kwa mguu mmoja mmoja na kupima kwa futi ya kamba. Akatangaza kwamba mguu wa kushoto una nguvu asilimia themanini ya ule wa kulia. Nikamwambia mguu si mche wa sabuni, unapimaje umebaki kiasi gani? Cheche akanifinya.

Binti hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alisema hakuna binadamu mwenye pande mbili zilizo sawa sawa, na tofauti ndogo si ugonjwa, mwili hujizoesha nayo. Dada, nilicheka. Nani wa kuniambia mimi hayo? Miaka arobaini nachora nyayo za watu kwenye karatasi, sijapata kuona mguu na pacha wake wa kweli. Wako wa kulia unauzidi wa kushoto kwa upana wa ukucha, karatasi yako ninayo hadi leo, na ulibeba maji kichwani ujana wako wote bila kumwaga tone. Hakuna fundi anayelijua jambo hili kuliko mimi. Likumbuke neno hili, litanirudia.

Ikawa vituko. Mle chumbani, peku, Cheche alipata nafuu. Asilimia zikapanda mpaka tisini na kitu, binti akapiga makofi. Akivaa viatu na kwenda uwanjani, mzunguko wa pili tu goti linawaka. Wiki ya kwanza hivyo, ya pili hivyo, ya tatu hivyo. Binti akakuna kichwa kwa kalamu, akasema kesho yake aletewe viatu vya mazoezi avikague. Nikamjibu kwamba viatu ni kazi yangu, yeye ashughulike na nyama. Cheche akaona aibu, akamwomba binti msamaha kwa niaba yangu, jambo ambalo sikumtuma.

Viatu vilipelekwa. Binti akavipinda, akavipima, akaingiza mkono mpaka kwenye vidole. Hakuona kitu. Akasema basi hajui, labda ndivyo mwili wa Cheche ulivyo. Kocha aliposikia hivyo akaruka juu: kama viatu ni vizima na mguu umefanyiwa mazoezi, basi mtoto anaogopa mashindano, anajitia ugonjwa. Akamwambia hivyo mbele ya wenzake wote, na jina lake akalikata kwenye orodha ya Jumamosi.

Jumatatu Cheche alikuja kibandani kwangu, akaviweka vile viatu juu ya meza ya kazi, kamba zimefungwa pamoja. Akasema, babu, mpe mtu aliyeumbwa na miguu iliyonyooka. Hakulia. Alisema kama mtu anayerudisha kikombe cha jirani. Na mimi, mwenye mdomo unaoujua, nikazifungua zile kamba, nikazifunga tena.

Dada, shika kiti. Viatu vile havikuwa na kitu siku ile kwa sababu nilikuwa nimekitoa usiku wa kuamkia.

Mwanzoni mwa msimu niliviangalia viatu vyake vya zamani, nikaona soli ya kushoto imeliwa kisigino upande wa nje, ya kulia haikuliwa hivyo. Nikajiambia mtoto huyu mguu mmoja mfupi, na babu yake ndiye fundi, amuache hivyo hivyo? Alipopata viatu vipya, nilibandua bitana ya ndani ya kile cha kushoto, nikaweka kipande cha ngozi chini ya kisigino, unene wa biskuti, nikabandika tena kwa gundi. Kazi safi, hata wewe usingeigundua. Sikumwambia, maana nilitaka akishinda ndipo nijitangaze. Goti lilianza wiki ya pili. Nikasema ni uwanja, nikasema ni kocha, nikasema ni ujana.

Binti alipoomba viatu, nilijitia kuvisafisha, nikakitoa. Usidhani nilijua nimekosea! Nililiogopa daftari lake tu. Ili kuthibitisha kwamba niko sahihi, nikakitia kile kipande kwenye kiatu changu cha kushoto, nikatembea nacho. Siku ya kwanza nikamwona binti ni mjinga. Siku ya pili kiuno kikavuta. Siku ya nne nikashuka ngazi za ofisi ya posta kinyumenyume, nimeshikilia ukuta, watu wananipisha. Goti la kushoto, dada. Pale pale panapomuuma yeye, kwa ndani, chini ya kifuniko.

Mwili wake ulikuwa umejizoesha zamani, na ulikimbia vizuri hivyo hivyo. Mimi ndiye niliyeupinda. Niliyajua hayo kwa miguu ya watu wote, nikayasahau kwa mguu wa mtoto uliyenikabidhi.

Kipande bado kimo kiatuni mwangu, nimeshindwa kukitoa kabla ya kusema. Na kusema kwa mdomo kumenishinda pia, ndiyo maana naandika. Barua hii haitafungwa kabla yeye hajaisoma.

Naongeza hapa, jioni hiyo hiyo. Ameisoma. Ameisoma mara mbili, amesimama mlangoni, sikuweza kumtazama. Kisha akaja akanyoosha mkono na kuniambia, babu, vua kiatu. Akachukua kisu changu, akabandua bitana, vibaya kabisa, akakitoa kile kipande na kukitia mfukoni. Nikamuuliza atakifanyia nini. Akasema si yeye, ni mimi: kesho asubuhi nitakipeleka uwanjani nikamkabidhi kocha mkononi, wenzake wote wakiwapo, kisha tutakwenda kwa binti wa viungo aamue kama goti liko tayari kwa Jumamosi. Akasema bado amenikasirikia na nisimsemeshe mpaka hapo. Lakini viatu vyake amevichukua.

Wasalimie wote hapo nyumbani, wakubwa kwa wadogo. Niombee, dada. Mguu utapona wenyewe. Niombee ulimi, kesho mbele ya kocha yule.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi Viatu