Mfalme Tuliyemwogesha Kama Devi

Nyumba ya Pagar,
Nyuma ya Ghala la Vitunguu,
Niphad, Wilaya ya Nashik.

24 Novemba 1991

Mpendwa Shangazi Sulabha,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Natumaini wewe, Mjomba Prabhakar na Tanvi mdogo mu wazima. Je, mguu wa Mjomba umepona? Baba alituambia aliteleza katika mashamba ya chai, nami nimekuwa nikiuwaza mguu huo. Huko Jorhat baridi imeanza?

Sisi kiafya hatujambo. Baba anakohoa kidogo kwa sababu ya dawa anayopulizia mizabibu. Vitunguu vimekauka vizuri. Mimi nimeingia darasa la kumi na nimepata miwani mipya, mizito kuliko ile uliyoniona nayo. Wasichana wa shule wananiita Bundi. Nimezoea.

Lakini siandiki kwa ajili ya hayo, Shangazi. Naandika kwa sababu Bibi hazungumzi nami tangu sikukuu ya Navaratri, na kosa ni langu.

Unamkumbuka yule Devi wa fedha, mungu wetu wa kike, mdogo kama ukucha wa kidole gumba, aliyekaa katikati ya rafu ya miungu. Mama mkwe wa Bibi alimwokota shambani nyuma ya jembe la ng'ombe, akamweka pamoja na yale mabamba mengine ya fedha yenye sura za miungu. Kila asubuhi Bibi alimwogesha kwa maziwa na maji, akampaka manjano na unga mwekundu, nami nikashika kengele. Hiyo ndiyo saa ya siku niliyokuwa na mtu wa kuzungumza naye. Bibi alikuwa akinitazama mimi, kisha anamtazama yeye, anasema, "Pua ya Devi ni pua ya kwetu hii. Usiionee haya, we mtoto."

Mwezi wa Septemba Mwalimu Barve, anayetufundisha historia, alitupeleka kwenye jumba la makumbusho ya sarafu. Wenzangu walikimbilia vibanda vya vyakula. Mimi nilibaki ndani. Nikafika kwenye kabati la kioo, na mle nikawaona Devi wetu kumi na wawili, wamepangwa juu ya kitambaa chekundu.

Walikuwa sarafu. Mwalimu Barve alinieleza kwamba uso ule ni wa Nahapana, mtawala wa ukoo uliotoka kaskazini, aliyezishika nchi zetu hizi karibu miaka elfu moja na mia tisa iliyopita. Kisha akaja Satakarni wa ukoo wa Satavahana, akamshinda. Fedha za adui hakuziyeyusha zote. Nyingi ziligongwa upya kwa muhuri wake: upande mmoja kilima cha matao matatu na mstari wa mawimbi chini yake kama mto, upande wa pili duara nne zilizounganishwa kwa msalaba. Mara nyingi muhuri haukukaa sawasawa, kwa hiyo pua ya Nahapana ikabaki inachungulia pembeni ya kilima. Vita hivyo unaviona kwenye kipande cha fedha unachoweza kukifunika kwa kidole.

Ningalinyamaza. Wewe unanijua, mimi kunyamaza ndiyo kazi yangu. Lakini siku ya tano ya Navaratri nyumba ilijaa wanawake waliokuja kupakwa manjano ya baraka, na Bibi alikuwa akiwaonyesha Devi, akiwasimulia habari ya jembe. Nilikuwa na furaha, Shangazi, nilidhani namletea zawadi. Nikasema mbele ya wote, "Bibi, huyu si Devi. Ni mfalme Nahapana."

Jirani yetu Indubai akapiga makofi.

"Mwanamume! Mama Pagar, miaka hamsini unamwogesha mwanamume wa watu?"

"Na maziwa juu!" mwingine akadakia. "Mumewe mwenyewe hata maji ya moto hakuwahi kuchemshiwa!"

Walicheka mpaka bangili zikalia. Bibi hakucheka. Alimfuta yule Devi manjano yote kwa ncha ya sari yake, taratibu, akanishika mkono na kuiweka ile sarafu kiganjani mwangu. "Chukua," akasema. "Mfalme akakae na wenye vitabu."

Sasa katikati ya rafu pana nafasi tupu. Miungu mingine Bibi anaiogesha peke yake, mlango ameurudishia, na kengele anaigonga mwenyewe. Nilimwomba Mama anisemee. Akaniambia, "Ulitaka sarafu, umepata sarafu." Baba anasema hayo ni mambo ya wanawake.

Kwa hiyo inakaa mezani kwangu, juu ya kitabu cha jiografia. Kila jioni naitazama kwa kioo cha kukuzia. Mchongaji wa kwanza alikuwa na mkono mwema. Amechonga jicho, hereni, na nyama ya shavu inayoanza kulegea. Mwalimu anasema nyuso za Nahapana hazifanani, mmoja kijana, mwingine mzee mnene, na wataalamu hawajui kwa nini. Mchongaji wa pili, yule wa muhuri wa Satakarni, hakujali nyuso hata kidogo. Alitaka kilima na mto, mistari michache tu. Bibi na mama mkwe wake nao wamefanya kazi yao: masharubu yameishia kwenye vidole vyao.

Wiki iliyopita niliweka karatasi juu yake nikaisugua kwa penseli, nikampelekea Mwalimu. Pembeni ya kilima pana herufi tatu za kale zilizosalia, kila moja silabi moja. Akazisoma: Gotami, yaani Gautami. Satakarni aliandika kwamba yeye ni mwana wa Gautami, Shangazi. Sarafu haimtaji baba yake, inamtaja mama yake. Na mama huyo ndiye aliyechongesha maandishi kwenye pango la hapa Nashik, mwanawe akiwa amekwisha kufa, kuwaeleza watu jinsi alivyokuwa, na humo anatajwa kuwa mama wa mfalme na bibi wa mfalme. Kumbe tangu mwanzo mlikuwa na mwanamke mle ndani.

Nimejaribu kumwambia Bibi. Nafika mlangoni, naisikia kengele, narudi mezani kwangu.

Ndiyo maana nakuomba umwandikie wewe. Usimwambie kwamba nilikosea kuhusu sarafu, maana sikukosea, na uongo ataujua. Mweleze tu habari za Gautami na mwanawe; maneno yakitoka kwako atayasikiliza. Barua zako zote nimemsomea mimi tangu nilipojua kusoma, lakini ile ya sikukuu ya Diwali alimpa Mama, nami nimekaa palepale. Mama anasoma haraka na anaruka mistari. Kwa hiyo tafadhali juu ya bahasha andika kwa herufi kubwa: ISOMWE NA KETAKI. Hapo itabidi aniite niketi karibu naye. Na iwe ndefu, Shangazi. Ukikosa habari, andika hata za mvua.

Baba na Mama wanakusalimu. Msalimie Mjomba, na umbusu Tanvi mashavu yote mawili. Bibi hajui kwamba nakuandikia, lakini jana nilimsikia akimuuliza Mama kama huko Jorhat mnapata unga wa uwele. Nadhani hizo ndizo salamu zake.

Devi awalinde nyote, popote alipo sasa.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, ninayekupenda na kukukumbuka kila siku,

Ketaki