Fomu ya Ajali ya Simoni

Igowole, Alhamisi, Juni 1956

Ukungu haukuondoka leo. Hata saa sita mchana sikuweza kuliona paa la kiwanda kutoka dirisha la ofisi. Baridi imeniingia magotini. Sina hamu ya kuandika, lakini nikiacha leo nitaacha kabisa.

Simoni hatapona mkono.

Niandike kwa utaratibu. Yohana, Mbena wa upande wa Njombe, mwendo wa siku moja kwa miguu kutoka hapa, ndiye aliyeweka dole gumba kwenye mkataba wa shamba hili la chai. Daktari alimpima, nikaliingiza jina lake daftarini, akapewa kipande, kadi yake ya kazi. Baada ya Pasaka baba yake alifariki. Yohana ni mtoto wa kwanza, na kwao mtoto wa kwanza habanduki nyumbani mpaka matanga yaishe na mambo ya marehemu yagawanywe. Shamba halitoi ruhusa ndefu namna hiyo, na anayevunja mkataba hushtakiwa. Basi akaja mdogo wake, Simoni, kumshikia nafasi.

Jambo hili ni la kawaida hapa. Ndugu huchukua kipande cha ndugu yake, huitika jina lake asubuhi, hufanya kazi yake. Mwenyewe akirudi, hurudishiwa kipande. Mnyapara alijua. Dresa wa zahanati alijua.

Mimi nilijua.

Kwa wiki sita niliita, "Yohana!" na Simoni akaitika, "Nipo!" Yohana ni mfupi, Simoni ni mrefu kuliko wote mstarini. Asubuhi moja mtu akasema, "Karani, huyu Yohana anarefuka kila siku, ni posho gani mnampa?" Watu wakacheka. Nikamkaripia kwa kupiga kelele mstarini, kisha nikaweka alama ya kuhudhuria.

Jumatatu mashine ya kusokota majani ilimkamata Simoni mkono wa kulia. Sheria yataka mwajiri apeleke taarifa Ofisi ya Kazi, kwa hiyo nililetewa fomu. Fomu yauliza jina la aliyeumia. Chini kuna onyo kwa atakayeandika uongo, na chini ya onyo kuna nafasi ya sahihi yangu.

Niliandika: Simoni.

Nilijiambia kwamba nasema kweli. Nilisomeshwa misheni, nikafundisha darasani miaka mingi kabla ya kuja hapa, na nimejisifu maisha yangu yote kwamba siandiki nisiloliamini. Lakini daftari la majina nalo ni maandishi yangu. Uongo ule niliukubali kila asubuhi ulipokuwa unalifaa shamba. Siku ulipoweza kumfaa Simoni, ndipo nikaukataa. Ule haukuwa ukweli. Niliihofia sahihi yangu.

Bwana Meneja aliisoma fomu akiwa amesimama. Si mtu katili. Alifungua kitabu cha sheria akanionyesha mahali panaposema kwamba mwajiri atamtibu mfanyakazi wa mkataba na kumpa fidia akiumia kazini.

"Simoni ni nani?" akauliza. "Nikimpeleka hospitali kwa lori la shamba, nimekiri kwamba niliweka kwenye mashine mtu asiyepimwa wala kuandikwa. Mkaguzi wa Ofisi ya Kazi atanifungia kiwanda." Akaikunja fomu, akaitia mfukoni. "Mfanyakazi wetu ni Yohana, Karani. Na Yohana hajaumia."

Jioni ile Simoni aliondolewa zahanati, akalazwa kambini katika chumba cha kaka yake. Dresa huenda kwa kujificha kumbadilishia bendeji. Mnyapara, ambaye hata leo huniita Mwalimu, alinijia akiwa amekasirika hasa.

"Mwalimu, ungeandika Yohana tu! Kwani mashine iliuliza jina?"



Jana asubuhi nilikwenda kuomba fomu nyingine ili niandike Yohana. Ndiyo, mimi. Bwana Meneja hakunipa. "Umekwisha kuniambia," akasema. "Sasa ninajua."

Sikuwahi kufikiri kwamba neno la kweli likishatoka haliwezi kurudishwa hata kwa kulikana.

Jana alasiri Yohana alifika kwa miguu, baada ya kupata habari. "Kamwene," akanisalimu, kwa heshima ileile ya siku zote. Hakunilaumu. Aliomba jambo moja tu, apewe ruhusa ampeleke mdogo wake hospitali ya Iringa. Nilimpelekea Bwana Meneja ombi hilo. Akasema ruhusa ya kuuguza hutolewa kwa ajili ya mgonjwa aliyeandikwa kambini. Nikaomba nimpeleke mimi. Akaniuliza ni nani atakayeita majina mkaguzi akija.

Yohana akiondoka bila ruhusa atafungwa. Akifungwa, nyumba yao itabaki haina mkono wa kushika jembe.

Basi la Iringa hupita barabara kuu Jumamosi. Mke wa Simoni anakuja ili aende naye. Dresa anasema joto la kidonda limekwisha kupita kiwiko, na kwamba Jumamosi ni mbali. Hata wakifika, anasema, kazi itakayobaki ni ya msumeno. Aliniambia akitazama chini, kwa kuwa mimi ni mkubwa kwake na hakutaka nione uso wake.

Leo saa kumi na mbili asubuhi, katika ukungu, nimeita majina. Nilipofika kwa Yohana, Yohana mwenyewe ameitika, "Nipo." Hakuna aliyecheka. Kwa mara ya kwanza tangu Pasaka daftari langu ni sahihi, kila jina na mtu wake. Mkaguzi hataona kosa.

Nimeweka alama mbele ya jina lake, kwa wino, mahali pake. Mkono wangu haukutetemeka.

Kwa nini haukutetemeka?