Chui wa Ukungu Anapoingia Uwanjani

3 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Hujambo na cherehani yako? Mgongo umepungua kuuma? Sisi huku wazima, mke wangu anakusalimu. Karakana ya miwani imejaa kazi mpaka naota lenzi.

Nina habari, ila usinune. Tangu utotoni, katika mchezo wetu wa kadi za viumbe, tumekuwa tukimchezesha Chui wa Ukungu vibaya. Si unakumbuka kadi yetu ina doa la chai? Chini ya doa kuna sentensi. Shemeji, kaka wa mke wangu, amehamia kwetu na kadi yake safi, kanionyesha: Chui akiingia uwanjani, yaani akiwekwa mezani, kiumbe wako mwingine mmoja aliyeko pale lazima arudi mkononi. Ndiyo gharama ya ukali wake. Sisi tulikuwa tunamteremsha bure bure!

Shemeji anaujua mchezo huu, acha tu. Tunacheza kila jioni.

Mdogo wako

11 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mgongo upo, asante kwa kuuliza kabla ya kunipasua moyo.

Kwa hiyo Shemeji ana kadi safi. Hongera zake. Na nani alikufundisha kushika kadi bila kumwonyesha mpinzani? Nani alikuachia ushinde ulipougua surua? Leo mtu kaja na kadi isiyo na doa, mimi nimegeuka mjinga. Nakwambia wazi, naona wivu. Juzi nimeshona mfuko wa suruali ya mteja nikauziba mdomo, nikiwawaza nyinyi wawili mnavyocheka.

Mashindano ya wawili wawili mwezi wa tano unacheza na nani? Nijibu hilo tu.

Dada yako

29 Machi

Dada,

Shikamoo, na samahani kwa kuchelewa. Natumaini u mzima.

Nitacheza na Shemeji. Tuko nyumba moja, mazoezi ni rahisi. Usione nimekutupa. Kiumbe anayerudi mkononi hajafa. Mchukue Mganga wa Chemchemi: kila anapoingia uwanjani anakuongezea uhai pointi tatu, lakini akishakaa pale hakupi kitu tena. Chui akimrudisha mkononi, zamu inayofuata unamteremsha upya, unapata tatu nyingine. Wewe ndiye Mganga wangu, dada. Mwakani zamu yako.

Mdogo wako

14 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima kuliko unavyodhani.

Nimeijaribu mbinu ya Mganga mezani, inafanya kazi. Shemeji wako hakukosea, ila usimwambie nimesema. Tatizo ni kwamba kadi ya mkononi haijiteremshi. Inakaa pale mpaka mwenye mkono ajisikie. Mimi sikai.

Nimeshajiandikisha na mwenzangu. Tunafanya mazoezi kwa simu kila jioni, wewe ukiwa sebuleni na Shemeji, wala huulizi nani anaongea chumbani. Ni mke wako. Anasema tangu kaka yake ahamie kwenu, humtazami usoni mpaka chakula kiwe tayari. Ana akili ya mchezo, na akishindwa hanuni kama watu fulani.

Dada yako

18 Aprili

Dada,

Shikamoo. Habari za huko?

Nimemwuliza, kacheka tu. Nikiomba kuona kadi zake anazigeuza. Jana nilikuwa nacheza na Shemeji, masikio yote yako chumbani, nikamteremsha Chui uwanjani nikasahau kurudisha kiumbe. Shemeji kanisuta kama mtoto. Mnacheka nini humo? Mimi na wewe hatukuwahi kucheka vile.

Sijui nimwonee nani wivu, mke au dada. Naomba nicheze nanyi, hata mazoezi tu. Nijibu upesi.

Mdogo wako

2 Mei

Dada,

Shikamoo. Hujanijibu.

Mke wangu anasema umehamishia cherehani chumba kipya chenye dirisha kubwa, na umepaka kuta rangi ya kijani. Kumbe umehama! Anaeleza kila kona kana kwamba amekaa humo. Mimi sikuambiwa.

Barua nimeshaimaliza. Nimempa yeye aandike anwani, kwa kuwa mimi siijui.

Mdogo wako