Sweta la Kijani Limepata Mwenyewe

Mama,

Sasa una wajina. Mke wangu Kerubo alijifungua salama, mtoto msichana, na ana sauti huyo! Alilia hospitalini, akalia njia nzima, tukafika hapa nyumbani Gesima akaendelea palepale alipoachia. Mama mdogo Moraa akaingia na mboga za mzazi, hata hajazitua, akamtazama mtoto usoni. "Huyu anadai jina lake," akasema. "Mwiteni Nyanchama muone." Tukamwita jina lako. Akanyamaza, Mama! Akanikazia macho vile ulivyokuwa ukinikazia nikiingia ndani na matope. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, halafu nikalia kweli.

Lakini nakuandikia kwa sababu ya sweta lako la kijani. Kuna kitu nimelifanyia na nataka ukisikie kutoka kwangu mwenyewe.

Tulipokuzika, nguo zako ziligawiwa kama desturi ilivyo. Mimi nikabaki na hilo sweta. Nililitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, na sikukubali mtu yeyote alifue. Asubuhi za baridi nilikuwa nikienda pale naweka uso. Moshi na majani chai. Wewe kabisa.

Sasa, unakumbuka ulivyokuwa ukituambia? "Mtoto wako wa kwanza nitamfumia mwenyewe. Nyinyi msiguse sindano." Ukaondoka kabla hajaja. Tumbo la Kerubo lilipoanza kuonekana nilienda Nyaramba nikanunua uzi mweupe, mzuri, laini. Nikaanza, nikafumua. Nikaanza tena, nikafumua. Si kwamba nimesahau kazi. Niliona kama nakunyang'anya yako.

Kerubo akaniangalia siku kadhaa, mwishowe akasema, "Si uzi wa mama uko pale ukutani? Fumua lile sweta. Atakuwa amemfumia." Wacha! Nilikasirika, nikachukua kikapu nikaenda kuchuma chai. Nikilifumua, mimi nitabaki na nini chako?

Na bado nilijua anasema kweli, maana hayo yalikuwa mambo yako. Katika nyumba hii sweta halikuwahi kuzeeka likatupwa. La Baba likawa langu, langu likawa kofia na soksi za wadogo zangu. Ulinikalisha kwenye kigoda, mikono juu kama mtu aliyekamatwa na polisi, ukanizungushia uzi uliofumuliwa, umejikunjakunja kama tambi, na mimi nikilalamika pua inaniwasha. Kisha unauosha, unauanika na chupa ya maji imening'inia chini ili unyooke. Nikikosea mstari nikaanza kununa, ulikuwa unasema, "Fumua, anza tena. Uzi haukasiriki."

Na ile mikono ya kushoto! Ulipima kila sweta kwa Baba, na mkono wake wa kushoto ulivunjika ujanani ukaunga umepinda. Basi watoto wako wote tukaenda shule mkono wa kushoto mfupi, kiganja na nusu ya kigasha viko nje kwenye baridi. Walimu walikuwa wanatutambua kwa mbali. Tukikulalamikia, jibu lako lilikuwa moja tu: "Vuta kidogo."

Mimi bado nafuma, usiwe na wasiwasi. Nabeba sindano zangu mpaka kituo cha majani, tunakopimiwa chai na kungoja lori, kama wewe. Mwanzoni wanaume wenzangu walinitania sana. "Karibu, mama mkwe!" Nikawaambia mama mkwe atawavalisha siku moja. Sasa lori likichelewa wao wanalitukana, mimi naongeza mistari, na likifika nina furaha na nusu ya kofia. Na ni walewale, Mama, wananivuta pembeni kwa siri, kila mmoja anataka yake. Hii raha uliyonipa siwezi kuieleza. Wiki ile tuliyokuzika sikuweza kuomba, sikuweza kula, lakini mikono ilijua la kufanya.

Basi ile siku mtoto alipopata jina na kutulia, nililitoa sweta msumarini. Nikaketi mlangoni penye jua. Nikatafuta ncha ya uzi, na nilijua ulipoificha, ndani ya bega. Nikavuta.

Loo, Mama. Niliogopa utapotea mstari kwa mstari, kumbe ndio ulikuwa unakuja! Hapa umekaza, hapa umelegeza, bila shaka ulikuwa unacheka na mtu. Nilipofika kwapani nikakuta fundo, na baada ya fundo uzi ukabadilika, wa bluu, umechakaa. Nikaugeuza juani. Ulikuwa uzi wa sweta langu la shule! Ulipungukiwa na wa kijani, ukaniweka mimi hapo, mahali pasipoonekana, ukanivaa miaka yote hiyo bila kuniambia. Nikamwita Kerubo kwa kelele mpaka mtoto akaamka.

Niliuosha uzi, nikauanika na chupa yake. Nikafuma kila nilipopata nafasi, na ule wa bluu nikaurudisha palepale kwapani. Nilipima vizuri, Mama, naapa nilipima. Jana nikamvalisha. Kerubo akatazama, akashika mdomo, akaanguka kitandani kwa kicheko. Mkono wa kushoto ni mfupi.

Nilikwisha kushika uzi nifumue, kama ulivyonifundisha. Kisha kale kamkono kakatoka nje ya sweta, kakanishika kidole kwa nguvu. Nikaacha. Nikamwambia, "Vuta kidogo."

Mbuya mono, Mama. Asante kwa mikono hii. Msumari wa jikoni sasa hauna kitu, na nilipoupita leo asubuhi sikuumia. Nyanchama akikua nitalifumua sweta hili, na yeye ndiye atakayeketi kwenye kigoda, mikono juu, akilalamika pua inamwasha. Nitamfundisha yote, na mkono wa kushoto nitamwambia aufanye mfupi, kama wetu.

Lala vizuri. Hapa hatuoni baridi.

Mwanao,
Ombati