Kisogo cha Kaka Kwenye Foleni

Kaka yangu,

Shikamoo. Hujambo huko ndani? Wifi hajambo? Watoto je, wazima? Mimi ni mzima, ila mgongo unanisema kwa kubeba magunia. Mdomo ndio mzima zaidi, kwa hiyo leo nakuandikia. Simu hupokei. Nikigonga mlango naambiwa umelala. Kaka, usingizi gani huo wa asubuhi, mchana na jioni? Basi barua hii naipenyeza chini ya mlango, yenyewe haigongi. Mwandiko wangu unaujua, kama kuku kapita, vumilia.

Najua umekasirika. Lakini kabla hujaichana, ngoja nikueleze tunavyoishi pale ukumbini tunapogawa chakula, maana wewe uliona foleni tu, vituko vya ndani hukuviona.

Mkubwa wetu ni nesi mstaafu. Tunamwita Mita Mbili, kwa sababu tangu ugonjwa huu uingie hana neno jingine. Ukimsogelea kumwuliza chumvi iko wapi, anarudi nyuma, mita mbili! Ukisogea tena, anarudi tena. Siku moja nilimfikisha mpaka mlango wa choo tukiulizana habari za chumvi.

Na hao wanaotuchangia! Mungu awabariki, ila wengine wanatutupia kilichowashinda nyumbani. Juzi juzi tumeletewa hamira, katoni juu ya katoni, na unga wenyewe hakuna. Nikauliza, sasa mtu ameze hamira aumuke mwenyewe? Mwingine kaleta mishumaa ya keki. Halafu kuna mzee wa mizani, huyo aliyekuwa na duka la nafaka. Akipima maharage anatoa punje moja, anarudisha punje moja, na watu jua linawapiga. Nikamwambia mzee, hizo punje hazitakwenda mbinguni kukushtaki. Alininunia mpaka tukafunga.

Mimi walinipanga getini, kuwanyunyizia watu dawa ya mikono. Balaa likaanzia hapo. Kaka, mimi msusi. Maisha yangu yote nimetazama vichwa vya watu kwa nyuma. Mtu aje na barakoa, na miwani, na mtandio juu, kwangu kajifunika bure, nikiona kisogo nimeshamjua. Basi nikawa nawaita kwa majina. Wewe mama, nywele zimekuwa kichaka hizo! Wewe, mumeo kapona? Nilidhani nawachangamsha. Mtu asimame kwenye duara la chokaa tulilomchorea asimkaribie mwenzake, kimya, kama yuko mazikoni?

Mita Mbili akaniita pembeni. Akaniambia, "Watu hawa wamepata kitu cha kujifunika uso. Waachie."

Nikaitikia ndiyo, halafu nikanung'unika kutwa nzima. Nikasema mwanamke huyu ana roho ya kutu, kwani salamu nayo inaambukiza?

Ndipo ukaja wewe. Kofia umeishusha mpaka kwenye nyusi, na miwani ya jua. Ukageuka kumpisha bibi mmoja, nikaona kisogo chako, kile kile cha baba. Kaka, tangu tufungiwe ndani nilikuwa sijakutia machoni. Furaha ikanipanda, mdomo ukanitangulia. Nikaita Kaka Picha! Tena haikunitosha, nikawageukia watu, nikawaambia huyu ndiye aliyepiga picha za harusi zenu, mpisheni apite mbele. Nao wakakutazama, wale wale uliokuwa ukiwaambia inueni videvu, tabasamuni. Nikaona unakandamiza mfuko ulioukunja ndani ya shati. Ukageuka ukaenda zako, na mimi nimebaki na chupa ya dawa mkononi kama mjinga.

Jioni nikakuletea unga na maharage, ukavirudisha kwa mkono wa wifi. Ati ulipita pale kutafuta picha za gazeti. Kaka, kamera ilikuwa wapi? Wifi mwenyewe alisema hayo anatazama chini. Nikamwuliza watoto wamekula nini, akasema uji. Na mchana? Uji ule ule, umeongezwa maji. Hapo nilikasirika, nisikufiche. Nikakusema njia nzima peke yangu, watu wakadhani nimepata wazimu. Kiburi, kaka, hata ukichochee kuni vipi, hakiivi kikaliwa. Harusi zimepigwa marufuku, nani asiyejua kwamba mpiga picha hana kazi?

Lakini nilipofika kwangu nikakaa kitako, na hasira yote ikanirudia mwenyewe.

Maana kuna jambo hulijui. Nimewatangazia ndugu na majirani kwamba najitolea pale kwa huruma yangu. Uongo mtupu. Nani anataka msusi ampumulie kisogoni siku hizi? Nilikwenda pale kupanga foleni, na mfuko wangu, kama wewe. Nilipofika mezani Mita Mbili akaniuliza shida yangu nini. Mdomo wote huu, kaka, ukakosa neno. Nikasema nimekuja kusaidia. Akanipa aproni. Nikabeba vyakula vya watu mpaka jioni, nikarudi nyumbani na mfuko mtupu, nikanywa maji nikalala. Nikawa hivyo hivyo kila tukigawa, mpaka siku nilipoanguka juu ya magunia ya mchele. Mita Mbili alininyanyua bila kuniuliza kitu. Tangu hapo tukifunga nakuta mfuko wa chakula umewekwa nyuma ya mlango wa stoo, na yeye anajifanya anafagia. Hajamwambia mtu. Na mimi ndiye niliyekuwa getini nawaita wenzangu kwa majina.

Basi kesho aproni nairudisha. Nitakuja na mfuko wangu mkononi, nisimame kwenye foleni mbele ya macho ya wote. Nimeshamwambia Mita Mbili, akanijibu kwamba hata hivyo mahali pangu ni pale pale, nikishapokea changu nirudi kubeba. Nawe njoo, kaka. Usiseme kitu. Simama duara la nyuma yangu. Anayetaka kucheka ana mimi wa kuanza naye, maana hakuna niliyembakiza, nimewasema wote.

Wifi mpe pole kwa kuolewa na ukoo kama huu wetu. Watoto waambie shangazi anawataja kila saa. Nawe ubaki na afya, na hiyo miwani ya jua uivue, haikupendezi.

Mimi mdogo wako wa mwisho,
Kidomo