Babu Elwood Yumo Ukutani

Baba,

Nina habari njema, na mtu wa kwanza niliyetaka kumpigia simu ni wewe. Babu Elwood yumo ukutani. Siyo pembeni. Katikati kabisa!

Tangu tukuzike Morogoro mwaka jana, picha yake nimeiweka hapa Brussels, kwenye droo ya pasipoti. Ile aliyopigwa amesimama kwenye ngazi ya lori, kofia upande. Baba yako, dereva Mmarekani Mweusi, aliyeleta petroli mpaka Ubelgiji wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kisha akarudi kwao na vitabu vya shule visimtaje yeye wala wenzake. "Mwanangu, baba yangu haiko kwenye kitabu," ulikuwa ukisema kwa Kiswahili chako kile cha Kimarekani. Mama alikucheka miaka yote, wala hukujirekebisha.

Basi huku mtaani kwetu Laeken walitangaza maonyesho ya picha za siku mji ulipokombolewa kutoka kwa Wajerumani. Mimi na mjukuu wako Neema tukaenda kuikuza picha kwenye duka moja Matonge, mtaa wa Waafrika, tukaipeleka. Madame Godelieve, mwandalizi, mwema kweli, aliipokea kwa mikono miwili. Kisha akaiweka kwenye meza ndogo karibu na choo, chini ya kibao: "Afrika na vita."

Nilishukuru tu, Baba. Unanijua nisivyopenda kusumbua watu. Neema akanivuta mkono. "Mama, Babu alitoka Marekani. Na lori lake lilikuja hapa hapa."

Nikakusanya Kifaransa changu chote. Nikamwambia, "Madame, vifaru vile kwenye picha za ukutani visingefika bila petroli ya watu kama huyu. Si mgeni kwenye historia hii. Naomba umweke na wenzake."

Akaitazama picha. Mzee mmoja aliyekuwa akibandika maelezo akajikongoja kwa fimbo yake, akavaa miwani. Akasema alipokuwa mtoto wa miaka sita, dereva kama huyo alimpandisha kwenye lori, akampa chungwa. La kwanza maishani mwake. Alilila na maganda.

Madame Godelieve alicheka mpaka akashika kiuno. Halafu akaenda mwenyewe kutafuta nyundo.

Jumamosi ya ufunguzi, laiti ungeona! Nilivaa kitenge cha Mama. Neema alisimama chini ya picha akieleza kwa Kifaransa, kisha kwa Kiholanzi, kama mwalimu. Yule mzee alileta kikapu kizima cha machungwa, tukala hadi sakafu ikanata. Nilicheka, Baba. Kicheko cha kweli, cha kwanza tangu msiba. Nikajifungia chooni kidogo, nikalia, nikatoka kucheka tena.

Jana Madame akapiga simu. Picha itabaki siku zote kwenye ukumbi wa manispaa, na wanataka jina kamili. Nilikuwa ndani ya tramu. Nikalitaja herufi moja moja, kwa sauti, nikakwama kwenye *double vé*, ile W ya Elwood, nikaanza upya. Watu walinitazama, machozi yananitiririka na meno yote nje.

Pumzika sasa, Baba yangu. Desemba tunakuja Morogoro. Nakuahidi nitaketi hapo kaburini kwako, nikusomee maandishi watakayoweka chini ya jina la baba yako, neno kwa neno.

Mwanao,
Imani