Jina Tulilolifuta Mlangoni

Jirani,

Nimekuita hivyo tangu mwaka wa kwanza, wewe kitanda cha juu na mimi cha chini, na leo nashukuru nililizoea jina hilo mapema, maana itabidi linitoshe. Sababu nitakueleza. Ngoja kwanza nikupe habari za huku.

Kitanda chako amepewa binti wa mwaka wa kwanza kutoka Singida. Ana adabu, ananiamkia shikamoo kila asubuhi kana kwamba nimemzaa, ila akilala anakoroma kama trekta inayopanda mlima. Wewe ungeshamrushia mto. Mimi nimemzoea, na siku akienda kwao silali vizuri. Mvua zimesuasua, mama yangu kule Ganako amepanda maharage mara mbili na bado anaangalia juu. Baridi ya Karatu iko palepale, ile iliyokuwa inakubana kifua ukasema sisi Wairaqw tumeumbwa kwa matofali. Kifua hichohicho ndicho kilichokuchukua ukiwa likizo nyumbani Engaresero, na habari zilitufikia umeshazikwa. Sikukuaga. Hilo bado linaniuma, wala sijui kama litaacha.

Lakini nimeandika kwa ajili ya chumba.

Kile chumba cha kando ya maktaba kimekamilika. Unakumbuka kilivyokuwa stoo ya viti vibovu, sisi Wakatoliki tukisali darasani kabla wenye kipindi hawajatufukuza, na Zubeda na wenzake wakitandika mikeka koridoni huku watu wanawapita na sahani za wali. Unakumbuka na kile kikao cha kugawana saa. Mlezi wa wanafunzi aligawa kama anayegawa maji ya bomba wakati wa kiangazi: Waislamu saa hizi, Wakatoliki saa zile, Walutheri, walokole, na walokole wasipige kelele wakati wa masomo. Akafika kwako, akakuuliza watu wa imani ya jadi wanataka saa ngapi. Ukamwambia, "Mimi sihitaji saa. Nahitaji dirisha."

Watu walicheka. Ukasubiri wamalize, ukawaeleza kwamba kwenu mtu anasimama nje akautazama mlima, na kwamba Engai, Mungu wenu, hatafutwi chini ya dari. Fundi akabomoa ukuta wa upande wa Ngorongoro akaweka dirisha kubwa, nawe ukalalamika kwamba mlima wako uko nyuma ya milima yetu na hauonekani. Ulikuwa huridhiki wewe. Sasa kila mtu analitaka dirisha hilo. Walokole wamehamia pale na mikono yao juu, Zubeda analifunga kwa sababu ya upepo, mimi nalifungua, na ugomvi huo ndio uliobaki.

Wazo la kukiita chumba kwa jina lako lilikuwa langu. Nililitoa kwenye kamati wiki ile tuliyopata habari, na hakuna aliyepinga. Zubeda alilia. Fundi akachonga kibao cha mninga, akaandika majina yako yote mawili kwa rangi nyeupe. Kilipendeza, jirani. Niliogopa kwamba baada ya mwaka mmoja wanafunzi watakuwa wanaingia na kutoka hapo na hakuna anayejua kwamba uliwahi kuwepo, na kibao kile kilinituliza. Nikatumwa Engaresero kumwalika mama yako kwenye ufunguzi.

Nilipanda gari la mjomba, lile linalopeleka vyakula kwenye kempu za wageni. Vumbi lilinikomesha. Nilipofika bomani kwenu nikamsalimia mama yako, "Takwenya, yeyo," kama ulivyonifundisha, naye akaitikia, akanishika kichwa, akanikalisha. Mama yako mdogo, yule anayewauzia wageni shanga, akakaa katikati yetu atafsiri. Nikaanza hotuba yangu. Nilikuwa nimeipanga njia nzima. Nikasema nimeleta habari njema, nikalitaja jina lako, kisha nikalitaja tena kwa sauti zaidi kwa sababu nilidhani hawakunisikia.

Mama yako aliinuka akaenda kwa mbuzi.

Mama mdogo hakunigombeza. Aliniambia kwa upole kwamba ukoo wenu bado unashika yale ya zamani, kwamba mtu akiondoka jina lake huachwa, halitajwi mbele ya waliomzaa, na tangu siku ile hapo nyumbani hakuna aliyelitamka. Nikauliza watakukumbuka vipi sasa. Akasema swali hilo huulizwa na watu wa mjini. Mimi wa mjini! Na matope ya Ganako bado yako kwenye kucha zangu.

Nilikasirika, jirani, nisikufiche. Nilimkasirikia mama yako. Niliona kama anakuzika mara ya pili, nami ndiye niliyekuja kukutoa. Aliporudi nikamwambia kibao kimeshachongwa, chuo kizima kinakupenda, na kwetu marehemu asipotajwa ni kama ametupwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema maneno machache, na mama mdogo akanitafsiria.

"Mlango ukimwita mwanangu kila siku, nani ataitika?"

Usiku ule nililala bomani na swali hilo. Ninalo mpaka leo.

Asubuhi nilitoka nikamkuta amesimama nje ya boma ameuelekea mlima, ana kibuyu cha maziwa, ananyunyiza kidogo kidogo. Alinisogeza kando yake kwa mkono. Kimaa changu ni salamu tu, lakini majina ya ndugu zako nayajua, maana ukikosa usingizi ulikuwa unawataja huko juu kwa mpangilio wa kuzaliwa, Lemayani, wewe, Nasieku, Saruni. Akamwombea Lemayani. Nikasubiri Nasieku. Akanyamaza. Akanyunyiza maziwa, akanyamaza muda wa kutosha mtu mzima kusimama ndani yake, ndipo akaendelea na Nasieku.

Alikuwa hajakuruka. Nilikaa chini palepale nikalia, naye akaendelea na Saruni kana kwamba kulia kwangu ni sehemu ya sala.

Nikarudi Karatu na habari ambayo kamati haikuitaka. Mlezi wa wanafunzi alisema mama yako anakaa mbali, hatapita pale, kibao hakitamdhuru. Zubeda, ambaye unajua hajui kukasirika, alisema kwao marehemu anatajwa kwenye dua, na kumnyima jina ni kumnyima haki. Nami ndiye niliyekuwa nimelipeleka jina lako parokiani lisomwe kwenye misa ya marehemu, kwa hiyo nilikuwa namwelewa kila neno. Tulikuwa tumeshajua kugawana kila kitu mle ndani, saa, mikeka, sauti, mahali pa kuweka viatu. Hili lilitushinda kugawana. Ama mlango una jina ama hauna.

Nikawaeleza habari ya maziwa. Sikuieleza vizuri, nilikuwa nakatika katika. Nilipofika pale mama yako aliponyamaza, na mimi nikanyamaza, si kwa makusudi, maneno tu yaliisha. Zubeda ndiye aliyemwambia mlezi kwamba dua yake ataifanya moyoni, Mungu hahitaji kutajiwa mtu ambaye yuko naye tayari. Ndivyo lilivyoisha. Tukakubaliana pia kwamba kila Jumatano jioni wote tukutane mle ndani kwa ajili ya wafu wetu, kila mtu kwa desturi yake, wanaotaja wataje na wanaonyamaza wapewe zamu yao ya kunyamaza.

Fundi alijitolea kulifuta jina. Nikamwambia nitafanya mwenyewe. Nilikaa kwenye ngazi za maktaba na msasa, nikasugua herufi moja baada ya nyingine. Ilikuwa kazi ngumu kuliko nilivyodhani, rangi ilikuwa imeingia ndani ya mbao. Nilipobakiza herufi mbili za mwisho nilisimama, nikazunguka maktaba, nikarudi nikamaliza. Parokiani pia nilikwenda kulitoa. Paroko hakuuliza sana, alisema wataomba kwa ajili ya rafiki wa fulani, na fulani ni mimi. Sasa kibao kinasema chumba cha sala na tafakari, vua viatu. Basi.

Mama yako alikuja kwenye ufunguzi. Sikutegemea, jirani. Alishuka kwenye gari la mjomba na mama mdogo, amevaa shanga zote, na wanafunzi wakampisha njia. Kabla ya kuingia alisimama mlangoni akakitazama kile kibao, akapitisha kiganja pale mbao ilipokuwa nyeupe kuliko kwingine. Hajui kusoma, lakini alijua. Akavua viatu vyake vya tairi akavipanga pamoja na raba zetu, akaingia, akaenda moja kwa moja dirishani. Zubeda alikuwa amelifunga. Alikimbia kulifungua.

Ilikuwa Jumatano. Zubeda akamtaja babu yake, mimi nikamtaja baba yangu, mlokole mmoja akataja watu wengi sana mpaka tukaanza kuangaliana. Kisha mlezi, yule yule, akasema kwa sauti ya chini kwamba sasa tunanyamaza. Tukanyamaza. Nje kulikuwa na upepo na mtu anafyeka nyasi. Mama yako aliutafuta mkono wangu bila kugeuka, akaushika mpaka mwisho, na nilikuhisi pale, jirani, nilikuhisi kuliko siku yoyote kile kibao kilipokuwa na jina.

Kwa hiyo nakuaga sasa, kwa kuwa sikupata nafasi. Nakuahidi hutaitwa tena kwa jina lako na mdomo wangu, hata nikiwa peke yangu, hata hamu ikinishika. Mwakani nitakuwa nimemaliza chuo na wengine watakaa mahali petu. Watanyamaza pale dirishani bila kujua ni kwa ajili ya nani, nami nimekubali wasijue. Ukisikia kimya hicho, usihangaike kuitika. Ni zamu yako.

Lala salama.

Jirani yako wa chini